Ukuta Uliosiribwa kwa Ajili ya Mgeni

Mwanzoni mwa wiki iliyopita nilikuwa Nyakanazi nikisubiri gari la kwenda Ngara, simu ikaita. Aliyepiga alikuwa dereva ambaye kwa miaka kadhaa alimwendesha mpimaji mmoja niliyefahamiana naye kikazi. Hakuanza na shikamoo, na kwa jinsi ninavyomfahamu, hapo hapo nilijua kuna jambo. Alisema tu, "Mzee, injinia ametutoka. Leo asubuhi, alikuwa anavaa viatu aende kazini." Nilimuuliza maswali ambayo watu wote huuliza, aliumwa nini, alikuwa na nani, na yeye akanijibu kwa subira. Siku ya tatu tulimzika kwao Nyamahanga, shamba la mahindi likiwa limevunwa ili watu wapate pa kusimama. Wasifu wake ulisomwa vizuri: shule alizosoma, kazi alizofanya, mke, watoto. Katikati ya wasifu huo kulikuwa na kipande kifupi kilichosema kwamba marehemu alishiriki pia kupima majengo ya kale ya wilaya za Biharamulo na Ngara. Msomaji alikipita haraka akaendelea. Leo naomba nirudi kwenye kipande hicho.

Niseme kwanza kazi yenyewe ilikuwaje, kwa sababu wengi walimwona na mashine yake wakadhani anapima viwanja. Alikuwa na mashine ya leza, kama kichwa kidogo kilichokaa juu ya miguu mitatu. Ikiwashwa, kichwa kile huzunguka polepole na kurusha mwale usioonekana kwa macho. Mwale hugonga ukuta, hurudi, na mashine hujua umbali wa mahali ulipogonga. Hufanya hivyo mara nyingi sana kwa muda mfupi, hata jengo zima linageuka kuwa wingu la nukta kwenye kompyuta. Ukilitazama wingu hilo unaweza kuona kila tofali lililoliwa na mvua na kila boriti iliyopinda. Jengo likianguka kesho, umbo lake linabaki. Na ukilipima mara mbili, kabla na baada ya masika, unaweza kulinganisha mawingu mawili na kuona ni wapi ukuta umesogea. Kwenye picha ya ulinganisho, mahali pasipobadilika huwa na rangi ya kijani, na palipobadilika huwa pekundu. Wekundu ule ndio ulioleta kisa ninachotaka kusimulia.

Nilianza kufuatana naye kwa sababu nilikuwa naandika habari za majengo ya zamani yanayobomolewa, na yeye alikuwa na nafasi kwenye gari. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na mwavuli mkubwa ambao hakujifunika nao hata siku moja. Ulikuwa wa mashine. Na alikuwa na tabia moja iliyonichekesha: mashine ikianza kuzunguka, yeye alianza kunong'ona. Wakati fulani nilimuuliza kama sauti zetu zinaiharibu. Akatikisa kichwa. "Haisikii chochote," alisema, kwa kunong'ona vilevile. "Sasa kwa nini unanong'ona?" Alifikiri kidogo. "Sijui. Ni kama umekaa na mtu anayesoma." Kwa watu wenye majengo hakuwa na mazungumzo marefu. Aliwasalimia wazee kwa heshima, aliomba watu watoke ndani ili wasiingie kwenye nukta zake, alifanya kazi, alishukuru, akaondoka. Wakati ule niliona huo ndio ustadi.

Mwaka mmoja tulikwenda Ntobeye, kwenye kigango kimoja, tawi dogo la parokia, chenye kanisa la zamani la matofali mabichi. Kanisa lile lilijengwa na babu za watu wanaosali humo sasa, udongo ukitolewa bondeni na kupandishwa kilimani kwa vichwa. Baadaye likapata bati, lakini kuta zilibaki zilezile. Uongozi wa parokia ulikuwa na hofu, na hofu hiyo haikuwa ya bure: ukuta wa upande wa bonde ulionekana kana kwamba umetokeza tumbo chini, na ndani ya kanisa hilo kila Jumapili hukaa watoto. Likaamuliwa kwamba mpimaji apime kiangazi, arudi kupima baada ya masika, na kama ukuta unasogea, kanisa libomolewe. Kanisa jipya lisingejengwa palepale. Lingejengwa senta, kando ya barabara, mbali kwa mzee mwenye magoti mabovu, na kilima kile kingerudi kuwa shamba.

Kwa wengi hilo lilikuwa jambo la mpango tu. Kwa bibi mmoja aliyekuwa kiongozi wa akina mama wa kigango, halikuwa hivyo. Yeye alizaliwa ng'ambo ya mpaka. Alivuka akiwa mtoto mgongoni mwa dada yake, na usiku wa kwanza wa maisha yake katika nchi hii alilala ndani ya kanisa hilo, kwenye majani yaliyotandazwa chini, pamoja na familia nyingine zilizokuja kwa njia hiyohiyo. Wenyeji waliwaletea ndizi na maharage mlangoni. Humo alibatizwa, humo akafunga ndoa na kijana Mhangaza wa jirani, humo akaaga maiti ya mumewe. Alinieleza haya yote bila kutikisika, akichambua maharage, kisha akasema, "Mimi sina kitu kingine cha kuonyesha nilikotokea. Nikiulizwa, huwa nanyoosha kidole kule juu."

Mpimaji alipima kiangazi kama ilivyopangwa. Masika ikaja, ikaisha. Jumapili moja katekista akatangaza baada ya misa kwamba mgeni wetu wa mashine atarudi wiki ijayo. Akarudi, akapima, akanong'ona, akashukuru, akaondoka. Baada ya muda tukaitwa wote kanisani kusikia majibu. Paroko alikuja, wazee wa kigango walikuja, akina mama walikaa upande wao na wanaume upande wao kama kwenye misa. Mpimaji alibandika picha kubwa ya rangi kwenye ubao wa matangazo. Sehemu ya juu ya ukuta wa bondeni ilikuwa kijani. Sehemu ya chini, kwa karibu urefu wote wa jengo, ilikuwa nyekundu kama pilipili. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba ndani ya masika moja ukuta umetokeza nje kiasi cha vidole viwili, kwamba ukuta wa udongo ukitokeza hivyo chini unakuwa umeanza kushindwa na uzito wa juu, na kwamba ushauri wake ni watu wasiendelee kusali humo. Paroko alipumua kwa nguvu, akasema kwamba uhai wa watu unatangulia, na kwamba wiki ijayo kazi ya kuezua bati ianze.

Hapo ndipo bibi yule aliposimama. Alifunga kitenge chake vizuri kwanza.

"Baba Paroko, mimi sijasoma. Lakini nauliza. Ukuta tuliousiriba wenyewe kwa mikono yetu, ukawa mgumu, ukawa mzuri, unawezaje kutuangukia?"

Mpimaji aliinua kichwa. "Mliusiriba lini, bibi?"

"Wiki ile uliyokuja mara ya pili."

"Kabla sijaja au baada?"

"Kabla! Wewe umesikia wapi mgeni amekuja ndio watu waanze kusafisha?"

Akina mama wakacheka kidogo. Mpimaji hakucheka. Alisogea hadi karibu na benchi lao. "Mlisiriba udongo, au mlipaka chokaa tu?"

"Udongo, mwanangu. Mvua ilikuwa imeula kule chini kote, ulikuwa unatia aibu. Tukakanda udongo na samadi, tukaujaza, tukapaka na ule mweupe wa mtoni juu. Tuliambiwa unakuja kuupiga picha. Mtu akipigwa picha haogi?"

"Kwa nini hamkuniambia?"

Bibi alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Sasa mgeni akiingia ndani anaambiwa, karibu, tumefagia?"

Wanaume wakaangua kicheko. Mmoja wa nyuma akasema kwa sauti, "Kumbe mashine ya mamilioni inadanganywa na matope ya mama zetu!" Mwingine akadakia, "Bibi, njoo unisiribe na mimi, nionekane nimenenepa." Kicheko kikaendelea, na mimi nilikuwa namtazama mpimaji. Alikuwa amegeukia picha yake. Alipitisha kidole mahali ambapo wekundu ulikutana na kijani. Mstari ule haukuwa umenyooka. Ulipanda na kushuka kwa pinde, upinde baada ya upinde, kila mmoja ukiishia pale mkono wa mtu mzima aliyeinama unapoishia. Picha ile ilikuwa imepima kazi ya akina mama kwa usahihi mkubwa, na yeye aliisoma kama maradhi ya ukuta.

Nimehudhuria mikutano mingi ya ripoti katika kazi hii. Ninajua mtaalamu anavyofanya akigundua kosa mbele za watu. Hukohoa, husema suala hilo litazingatiwa, hukunja karatasi zake, na ripoti hubaki kama ilivyo kwa sababu imeshapigwa muhuri. Mpimaji yule alibandua picha ubaoni. Paroko akamwambia, bila ukali, "Injinia, lakini hii ulishaisaini." Akajibu, "Nimeisaini, Padre, na sasa naiondoa. Nilichowaambia kuhusu ukuta huu si kweli. Au sijui kama ni kweli. Sikuuliza." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, ile ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia mashine ikiwa karibu. Katekista alitazama chini. Waliokuwa wakicheka walinyamaza, na nadhani ni kwa sababu hawakuwa wamezoea kumwona mtu wa ofisini akijishusha bila kusukumwa.

Kisha akaomba jambo gumu zaidi. Aliomba akina mama wakwangue ule udongo mpya mahali mahali, kila mahali pakiwa na upana wa kiganja, hadi walifikie tofali la zamani, ili alinganishe na vipimo vyake vya kwanza. Hawakutaka. "Unataka tuuvue nguo mbele za watu?" bibi aliuliza, na safari hii hakuna aliyecheka. Mpimaji akasema, "Daktari hawezi kusikiliza kifua juu ya koti, bibi." Bibi alitoka nje, akachukua jembe lililovunjika mpini, na yeye mwenyewe akaanza kukwangua. Wengine wakamfuata. Kazi ile ilichukua sehemu kubwa ya mchana, udongo ukidondoka kwenye nyasi vipande vipande, na harufu ya samadi na mvua ikatujaa puani.

Walipofika kwenye kona ya sakristia, chumba cha padre cha kuvalia, bibi aliacha kukwangua. Mpimaji aliona. Akasogea karibu naye. Bibi akasema taratibu, "Hapa ndipo nilipokandamiza sana." Kulikuwa na ufa. Ulipanda kutoka ardhini hadi juu ya kichwa chake, na mkono ungeweza kuingia kwa ubavu. "Niliuona wakati wa mvua," alisema. "Nikasema, akiuona huu atatubomolea." Mpimaji alimjibu, "Ningelibomoa kanisa kwa sababu ya kazi ya mikono yenu, bibi, na ufa huu wa kweli nisingeuona."

Majibu ya pili yalikuja baada ya siku kadhaa. Ukuta wa bondeni haukuwa umesogea, isipokuwa kona ile ya sakristia, ambayo ilikuwa imesogea kweli kwa sababu maji ya bati yalikuwa yakimwagika hapo bila mtaro. Mpimaji alishauri kona ivunjwe na kujengwa upya kwa matofali ya kuchoma, mtaro uchimbwe, nguzo ya kuegemea iwekwe nje, na ukuta upimwe kila mwaka baada ya masika. Paroko alikubali. Sakristia ilivunjwa na vijana wa kigango wenyewe. Kanisa likabaki kilimani.

Tangu siku ile mpimaji alikuwa kama mtu mwingine. Alipokuja kupima jengo lolote, hata lile boma la kale pale Biharamulo mjini ambalo kila mtu anadhani analijua, hakufungua sanduku la mashine mara moja. Aliwatafuta watu wanaofagia, wanaopaka rangi, wanaoziba bati. Alikaa nao. Swali lake la kwanza lilikuwa moja kila mahali: nani anautunza ukuta huu, na mara ya mwisho aliugusa lini? Wenzake kazini walimcheka kwamba amegeuka mwandishi wa habari. Yeye aliwaambia kwamba leza inaona uso wa ukuta peke yake, na sisi watu wa huku tunajua sana kupamba uso.

Neno hilo la mwisho limenisumbua tangu tulipomzika. Tazama tunavyoishi. Kiongozi akitangazwa kuja, barabara inachongwa siku mbili kabla. Mawe ya pembeni yanapakwa chokaa. Zahanati inapata mashuka ambayo kesho yake hayaonekani. Shuleni watoto wanaambiwa wavae viatu, asiye navyo abaki nyumbani siku hiyo. Mgeni anazunguka, anasifu, anaandika kwamba hali ni nzuri, na anakwenda zake. Baadaye tunalalamika kwamba wakubwa hawajui shida zetu. Watajuaje, na sisi tumewaonyesha nchi ambayo ipo kwa siku moja? Sisemi kwamba ni unafiki. Nilikuwepo Ntobeye, niliona mikono ya wale akina mama. Ilikuwa heshima, na chini ya heshima kulikuwa na woga, na vyote viwili vilikandwa katika udongo mmoja hata wenyewe wasingeweza kuvitenganisha. Tumefundishwa kwamba anayekuja na kipimo anakuja kutunyang'anya kitu. Mara nyingi tumefundishwa hivyo na wenye vipimo wenyewe, wanaokuja, wanapima, wanaondoka, na habari tunayoisikia baadaye ni ya kuhamishwa au kubomolewa.

Na upande wa pili ni sisi wenye kalamu, mihuri na mashine. Kosa la mpimaji yule lilikuwa la kawaida kabisa. Kila siku watu wa ofisini wanalifanya kwa mashamba, kwa mifugo, kwa vijiji vizima. Kitu kisicho cha kawaida ni kwamba aliliita kosa, mbele ya watu waliokuwa wanamcheka, kabla bati halijaezuliwa. Angeweza kukaa kimya. Hakuna mtu pale aliyekuwa na uwezo wa kusoma picha ile na kumbishia. Kanisa lingebomolewa kihalali, kwa nyaraka safi, na bibi angekwenda senta kusali kwa magoti yake mabovu akiamini kwamba mikono yake ndiyo iliyomponza. Mpimaji huyo ndiye mtu aliyepitwa haraka katika wasifu.

Siku mbili baada ya mazishi nilipanda hadi kile kigango. Niliona ni vyema niwaambie mwenyewe. Bibi yupo bado, ameinama zaidi. Nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba huku akinitazama usoni, akajua. Alikaa kwenye ngazi ya kanisa. Kisha akaniuliza, "Na sasa nani atakuja kutupima?" Nilizunguka ukuta peke yangu. Akina mama walikuwa wamesiriba upya kiangazi hiki, udongo laini, mweupe juu, kazi ya mikono inayopendeza. Lakini kila baada ya hatua chache, kuanzia mlangoni hadi kwenye kona mpya, walikuwa wameacha kiganja kimoja cha ukuta bila kuusiriba, tofali la zamani likionekana jinsi lilivyo, na mvua na mchwa na yote. Hakuna aliyewaagiza mwaka huu. Tukipamba, na tutaendelea kupamba kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, nasi tuache pa wazi kama hapo, tusipafunike hata kama panatia aibu. Na ofisi zinazohusika, tafadhali, mtumeni mtu. Masika iko karibu, kona ile inahitaji kutazamwa, na watu wa kilimani wameshaandaa mahali pa kupima.